Utupa katika Bustani ya Mama

Harufu ya ndoo ile ilikupokea kabla hujaiona bustani yenyewe. Ilikuwa ndoo ya plastiki iliyopasuka mdomo, na ndani yake mama alikuwa ameloweka majani ya alizeti mwitu, majani ya mlonge na kinyesi cha mbuzi, akaifunika kwa gunia na kuikoroga kila asubuhi kwa kipande cha mti. Povu lilipanda juu, la kijani iliyochafuka, likapasuka taratibu kama uji unaoanza kuchemka. Upepo wa ziwa ulipogeuka, harufu iliingia ndani ya nyumba ikakaa kwenye mashuka, kwenye nywele zetu, hata kwenye ugali. Shangazi Oliva, dada yake baba, ambaye mlango wake ulitazamana na wetu, alipita akiwa ameziba pua kwa upindo wa kitenge. “Wifi,” alimwuliza mama, “humo ndani umemloweka nani?” Mama alicheka, akaendelea kukoroga. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kutochekeshwa na mambo, na mwaka ule nilikuwa na sababu.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa tumeshuka Lipingo, kijiji cha kando ya ziwa, mwanzoni mwa mvua, kutoka Maguu, huko milimani ambako mama alizaliwa na ambako baba, Mnyasa wa ziwani, alikuwa ameishi kwa wakwe kwa miaka mingi akifanya kazi kwenye mtambo wa kumenya kahawa. Babu mzaa baba alipofariki, baba aliitwa arudi kushika kiwanja cha nyumbani. Kwa mama ilikuwa kama kuhamia nchi nyingine. Kimatengo chake hakikumsaidia, Kinyasa hakukijua, kwa hiyo alizungumza na mashemeji na mawifi zake kwa Kiswahili, kama mtu aliyekuja kikazi. Alisikia joto mpaka akakosa usingizi. Hakuzoea kuona ardhi tambarare kiasi kile, wala udongo ambao ukiuminya kiganjani unachuruzika wote kati ya vidole.

Mvua zilipokuwa zinakwisha, mdogo wangu Deo alianza kuchoka. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Alikaa kizingitini akitazama wenzake wakicheza, na akala udongo wa ukuta kwa siri, mama akiupangusa midomoni mwake bila kumgombeza. Kwenye zahanati, Nesi Rukia, aliyekuwa amepangiwa kazi kwetu akitokea Tanga, alimvuta kope la chini, akatazama, kisha akavuta la pili kana kwamba la kwanza limemdanganya. “Mama Kandida, mwanao damu hana,” alisema kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa jina langu. Alimpa dawa ya maji ya kuongeza damu, akamweleza chakula: usipa, yaani dagaa wa ziwa letu, maharage, na mboga za majani zilizokolea ukijani, kila siku. Akasema atampima tena kliniki ijayo. Kama damu haitapanda, atamwandikia aende hospitali huko juu Mbinga, akaongezewe. Neno hilo la kuongezewa nililijua. Maguu nilimjua mtoto mmoja aliyepelekwa kuongezewa damu, na gari lilipomrudisha alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Hakuna aliyenieleza kwamba mtoto yule alikuwa amecheleweshwa, kwamba si damu iliyomwua. Kwangu mimi safari ya Mbinga ilikuwa na mwisho mmoja tu, na kliniki ijayo ndiyo ilikuwa mlango wake.

Dawa tulikuwa nayo. Usipa ulikuwa umeanikwa kila mahali. Kilichokosekana ni mboga. Mchicha ambao mama aliupanda tulipofika ulikuwa umeota kwenye mchanga ule ukiwa wa manjano, wenye majani madogo kama kucha zangu, ukachanua kabla haujafaa kuchumwa. Mama aling’oa shina moja, akaligeuza, akatazama mizizi yake myeupe kama nyuzi. “Mboga yenyewe haina damu,” alisema, “itampa nani?” Siku hizi najua kwamba maneno hayo si sayansi, na najua pia kwamba hayako mbali sana na sayansi. Wakati ule nilijua tu kwamba mama amepata kazi ya kufanya, na mama akipata kazi ya kufanya, hofu yake huhamia mikononi.

Akaamua kuchimba ngoro. Kwao milimani hakuna asiyezijua: nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana hadi shamba likawa na miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchotwa na kufunika zile nyasi. Unabaki na mashimo yaliyozungukwa na kingo nene, na ndani ya kingo nyasi zinaoza na kulisha kitakachopandwa juu yake. Kwa desturi mwanamume hulaza nyasi na mwanamke huchimba. Baba hakuwahi kulaza nyasi maishani, wala hakuna mwanamume wa Lipingo aliyewahi kumwona mwenzake akiinama kupanga majani kama anayetandika kitanda. Alipanga akiwa amegeuzia njia mgongo. Kingo zilipokamilika, kwenye tambarare karibu na mto, bustani ilionekana kitu cha ajabu kweli. “Shemeji,” aliuliza Baba Mkubwa Lukasi, binamu mkubwa wa baba na mwenyekiti wa kamati ya mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, “haya makaburi ni ya kuku au ya bata?” Watu walicheka siku nzima. Mama akamjibu kwamba ya kuku yamejaa, ila la shemeji bado lina nafasi. Wakacheka zaidi, na kwa muda mfupi niliamini kwamba tutaishi vizuri mahali pale.

Ndani ya kingo hakuweka nyasi peke yake. Aliweka vichwa vya usipa na magamba yaliyotupwa mwaloni, majivu ya jikoni, samadi ya mbuzi, na matawi ya utupa. Mbegu za utupa alikuja nazo kutoka Maguu zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga, akazipanda kuzunguka kiwanja siku zile zile tulizofika. Huko kwao utupa hupandwa pembeni mwa mashamba kufukuza fuko. Matawi yake hufukiwa kwa sababu huoza haraka na kuacha udongo mweusi. Na majani yake yakitwangwa na kuchujwa, maji yake hunyunyizwa kwenye mboga zilizoingiwa na vidukari. Ni mmea wa kawaida kama fagio. Sikuwahi kumsikia mtu wa Maguu akiutaja kwa kunong’ona.

Mchicha wa ngoro ulitoka tofauti. Nilikuwa nikiutazama kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, nikiogopa kwamba macho yangu yananiongopea. Mama aliumwagilia maji ya ile ndoo, ameyazimua mpaka yakawa na rangi ya chai hafifu, na majani yalitanuka, yakawa mazito, ya kijani iliyokaribia weusi. Deo alianza kuula. Alikunja uso, akala. Mama alikaa mbele yake mpaka kijiko cha mwisho.

Kisha utupa ukachanua. Maua yake yalikuwa meupe, mengi, yakionekana toka mbali, na ni hayo yaliyowafanya watu waujue. Baba Mkubwa Lukasi alikuja asubuhi na wajumbe wa kamati, na safari hii hakuwa na utani. Aliugusa mmea kwa ncha ya fimbo. “Shemeji, unajua hiki ni nini?” Mama akajibu kwamba ni utupa, kwao ni mbolea. “Huku kwetu ni sumu ya samaki,” alisema. “Watu wamefungwa kwa hiki. Kikitiwa majini, wakubwa kwa wadogo wanaelea.” Ziwani, utupa ulikuwa silaha ya wezi, na mtu anayeupanda kando ya maji hakuhitaji kuulizwa anautakia nini. Baba alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Mama akasema atauondoa. Nao wakaondoka.

Aliuondoa kweli. Aliukata wote siku ile ile. Ila kwa mtu wa Maguu, kuuondoa utupa ni kuupeleka unakofaa: matawi akayafukia kwenye kingo za ngoro, na kwa kuwa vidukari walikuwa wameanza kuushika mchicha, majani ya mwisho akayatwanga, akayachuja, akanyunyiza mboga kwa ufagio wa majani. Halafu akakichukua kinu kwenda kukiosha mtoni, kama walivyofanya mama yake na bibi yake siku zote.

Hapo ndipo penye kosa, na nimelitafakari kuliko nilivyotafakari mtihani wowote. Mito ya mama ni ya milimani. Inakimbia. Ukimwaga kitu ndani yake, kabla hujainua kichwa kimekwenda. Lakini mto wa Lipingo, mvua zikishakwisha, hauna nguvu ya kulifikia ziwa. Mawimbi hurundika mchanga mdomoni mwake na maji yanasimama, yanakuwa bwawa. Humo magege hutaga, na wavuvi wa pale wana amri yao ya zamani kwamba hakuna nyavu wala ndoana bwawani mpaka mvua zifungue mlango na watoto wa samaki watoke kwenda ziwani. Mama alikuwa amepita pale mara nyingi. Alikuwa ameona maji. Hakuwa ameona kwamba hayaendi popote.

Asubuhi iliyofuata nilisikia kelele za watoto, nikakimbia na wenzangu. Bwawa lilikuwa limeng’aa. Magege wadogo, urefu wa kidole, walikuwa wamelala ubavu upande mmoja wote wa ukingo, wengine bado wakifungua na kufumba vinywa. Hakuna aliyewaokota. Hata mbwa alifukuzwa. Shangazi Oliva alinitazama, kisha akatazama njia ya kwetu. Nilitamani aseme chochote, hata kuhusu harufu.

Ilipofika mchana Nesi Rukia alikuja nyumbani na koti lake jeupe, kwa miguu; habari za kunyunyiza zilikuwa zimemfikia. Alimsalimia baba kwa adabu, akamgeukia mama. “Mama Kandida, mboga hizo ulizonyunyiza, mtoto amekula?” Mama akasema alikula jana jioni, za kando ambazo hazikunyunyizwa, na za ngoro amekuwa akila tangu zikomae. “Basi asile tena mpaka tujue. Mimi sijui sumu hiyo inafanya nini ndani ya jani. Sitaki kukudanganya.” Kliniki ilikuwa wiki ile. Nakumbuka nilivyoanza kumfuata Deo kila aendako. Alipopiga chafya nilisimamisha pumzi. Alipolala mchana niliweka kidole chini ya pua yake, nikakitoa, nikakirudisha kwa kuwa sikuamini nilichohisi. Nilijiuliza kama sumu inaweza kumtoka mtu kwa jasho, na kama inaweza, je, nimlowanishe au nimwache juani. Niliwaza pia jambo baya zaidi: kama mboga si sumu na tumemzuia, damu yake itashuka, na safari ya Mbinga itakuwa imesababishwa na tahadhari yetu. Pande zote mbili kulikuwa na shuka lile. Mama hakulia. Alichuma mchicha wa ngoro, akaupika, akaula peke yake mbele yetu, na akakaa kwenye mkeka akisubiri mwili wake umwambie kitu. Baba akamwambia, “Unafanya nini sasa?” Akajibu, “Mimi ni mkubwa. Nisipodhurika mimi, bado sijajua ya mtoto.”

Kesho yake tuliitwa mwaloni. Watu walikuwa wengi, na walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba bustani ing’olewe yote, ngoro zisawazishwe, na sisi turudi tulikotoka. Ila Baba Mkubwa Lukasi hakupenda jambo liamuliwe kwa hasira. Alileta beseni lenye magege hai, akaagiza maji yachotwe kwenye mashimo ya ngoro, yale yanayokusanyika tunapomwagilia. Kama sumu inatoka bustanini, alisema, itaonekana hapa hapa. Wakayamimina. Tukasimama. Jua lilikuwa linapanda, na nilisikia watu wakihema. Samaki walizunguka beseni, wakazunguka tena, wakasimama wakitikisa mapezi. Muda ulipita hadi watu wa nyuma wakaanza kuketi. Samaki walikuwa wazima.

Minong’ono ikalegea. Mtu mmoja akasema labda ni joto lililoua samaki wa bwawani, mwingine akasema alimwona mgeni na mzigo wa ajabu juzi kwenye njia ya Mbamba Bay. Baba alishusha mabega. Nilimshika mkono Deo, nikajua tunaondoka pale tukiwa tumepona. Ndipo mama akasema, “Shemeji, bado. Kinu changu kiko nyumbani, sijakiosha vizuri. Naomba kitiwe maji, na maji hayo mtie samaki.”

Baba aligeuka kwa haraka. “Mama Kandida.” Alilitamka jina hilo tu, na ndani yake kulikuwa na kila kitu: nyamaza, tumeshapona, fikiria watoto.

“Nataka kujua,” mama alisema. “Nilikiosha mtoni.”

Kinu kikaletwa. Maji yakatiwa ndani, yakakorogwa kwa mchi, yakamiminwa kwenye beseni la pili. Haikuchukua muda. Samaki waliruka kidogo, kama walioguswa na moto, wakalala ubavu. Sauti iliyotoka kwa watu haikuwa ya kelele. Ilikuwa pumzi moja ndefu. Shangazi Oliva akasema, “Wifi, kumbe,” akaishia hapo. Nilifikiri mama amechanganyikiwa. Nilimchukia kwa muda ule wote aliosimama pale akitazama beseni, kwa sababu alikuwa ameichukua salama yetu na kuimwaga mbele ya watu.

Lakini mama alikuwa hajamaliza. Alifungua kitambaa alichokuwa amekishika tangu asubuhi; ndani kulikuwa na mchicha aliouchuma kwenye tuta alilolinyunyiza. Akamwomba Nesi Rukia auoshe kwa mikono yake mwenyewe, autwange kwa jiwe safi, na maji yake yatiwe kwenye beseni la tatu. Ndipo nilipoelewa kwamba kwake yeye haikuwa kesi. Walikuwepo samaki, walikuwepo mashahidi, alikuwepo mwuguzi, na hakuwa na mahali pengine pa kuuliza swali lake. Alihitaji kuona sumu ilipo ili aamini pale ambapo haipo. Nesi Rukia alipiga magoti kwenye mchanga na koti lake, akatwanga. Maji yakawa ya kijani. Samaki walipotiwa walishuka chini ya beseni wakatulia, na utulivu ule uliniogopesha kuliko kuruka kwa wale wengine. Mama aliinama mpaka uso wake ukakaribia maji. Mmoja akapanda juu, akavuta hewa, akashuka. Wakaanza kuzunguka.

Kamati ilitoa hukumu yake pale pale. Mashina yote ya utupa yang’olewe na kuchomwa mbali na maji, na mbegu zisionekane tena Lipingo. Kinu cha nyumba yetu kisifike mtoni. Ngoro zibaki. Baba Mkubwa Lukasi alisema kwamba mtu aliyelisema kosa lake wakati ameshaachiwa hawezi kufukuzwa kama mwizi, lakini alilisema hilo bila kumtazama mama, na kwa muda mrefu watu wengi walimwitikia salamu kwa kifupi. Shangazi Oliva hajawahi kula mchicha wa mama mpaka leo. Anasema tumbo lake halipendi.

Nesi Rukia aliruhusu Deo aendelee kula. Kliniki ilipofika, alivuta kope la kwanza, akavuta la pili, na mimi nilikuwa nimekaza meno mpaka masikio yakauma. “Hatujafika,” alisema, “lakini inapanda. Hakuna safari ya Mbinga.” Mama alisema asante mara moja tu. Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi ya zahanati, akaegemea ukuta, na watu wakatupita wakidhani ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Sasa nina shahada ya kilimo na bado natafuta ajira. Najitolea na kikundi cha akina mama wa Kingerikiti wanaotengeneza mbolea za kuoza na maji ya majani kwa ajili ya mboga za watoto wao. Nimesoma kuhusu madini ya chuma, kuhusu udongo wa kichanga, kuhusu sumu iliyomo kwenye utupa na jinsi jua linavyoivunja. Nikirudi nyuma kwa elimu hiyo, kila nilichokiona kinaanza kuyumba. Samaki si mtoto. Beseni si mwili. Huenda damu ya Deo ilipandishwa na dawa ya Nesi Rukia peke yake, au na usipa, au na vyote, na mchicha ulikuwa na sehemu ndogo ambayo siwezi kuipima tena. Deo mwenyewe, aliye kidato cha nne na mrefu kuliko baba, husukuma mboga pembeni mwa sahani na kuniambia niache kumtazama anapokula. Mama aliamua akiwa na hofu na chakula cha jioni kikimsubiri. Mimi nina muda, vitabu na simu yenye majibu mengi, na bado nikiulizwa jambo huanza sentensi tatu kabla ya kumaliza moja.

Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi, mwenye mtoto mgongoni, alinisikiliza nikieleza kuhusu majani ya kunyunyiza mpaka nikajichosha. “Sasa mwalimu,” akasema, “mimi wangu nimpe mboga hizi au nisimpe?” Nilifungua mdomo nikasikia neno “inategemea” likija. Nikalimeza. Nikamwuliza mtoto ana umri gani, zahanati walimwambia nini, na jana amekula nini. Kisha nikamwuliza anatwanga majani gani, na maji ya kinu anayamwaga wapi. Alinyoosha kidole kuelekea bondeni, nyuma ya migomba, na kusema kuna kijito kidogo tu pale, hakina shida. Nikamwomba anipeleke.